Mholunda Usioombwa Ruhusa

Tawi la kwanza lilikuwa na joto.

Wendelin Pauls alilishika, akalitazama, akalihamishia mkono wa pili, kisha akalirudisha mkono wa kwanza, kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani bila kuambiwa ampeleke wapi. Ilikuwa siku ya mwisho ya Februari. Ardhi ya Eifel, milima ya magharibi mwa Ujerumani, ilikuwa imeganda hata koleo likiigonga linalia kama kengele, bwawa la vyura limefungwa na barafu, na pua ya Wendelin, ambayo ni pua kubwa na hupata habari za hali ya hewa kabla ya redio, ilikuwa imekufa ganzi tangu mchana. Kila kitu bustanini kilikuwa baridi. Tawi hilo peke yake lilikuwa na joto la mkono wa mtu aliyetoka chini ya blanketi.

“Jua,” akajiambia.

Hapakuwa na jua.

Akaendelea kukata, maana alikuwa na haraka mbili. Ya kwanza ilikuwa ya sheria. Ikishaingia tarehe moja Machi, hakuna ruhusa ya kukata kichaka mpaka majira ya vuli, kwa sababu ndege wanajenga viota; na mkewe Walburga, aliyekwisha kumsamehe mumewe kwa kuvunja ahadi, vikombe na taa mbili za gari, asingemsamehe kwa kuvunja sheria hiyo. Haraka ya pili ilikuwa ya jukwaa. Jioni hiyo kulikuwa na kanivali, ile sherehe ya utani kabla ya Kwaresima, katika ukumbi wa kijiji. Wendelin, ambaye mwaka mzima ni dereva wa basi la shule, msimu wa kanivali huwa mtu mwingine: huingia ndani ya pipa la mbao mbele ya kijiji kizima, kofia ya kengele kichwani, akawasema majirani zake kwa vina mpaka wanafuta machozi. Kofia hiyo alikuwa ameshaivaa. Alikuwa akikata huku akifanya mazoezi.

Bustani ilikuwa ya Walburga. Majirani walikuwa na nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha askari. Yeye alikuwa na lundo la majani yaliyooza kwa ajili ya kalunguyeye, ukuta wa matawi makavu kwa ajili ya panya-miti, na magugu aliyoyaita kwa majina kama wajukuu. Lakini aliyetawala humo ndani alikuwa mholunda mwekundu, kichaka kirefu kuliko mtu, alichokipanda kwa mkono wake karibu na dirisha la chumba cha chini. Huo mholunda hutoa maua vichaka vingine vikiwa bado usingizini. Ikifika Julai huvaa vishada vya matunda mekundu, ndege wanapigania nafasi kama abiria. Binadamu akiyala mabichi, tumbo litamfundisha adabu. Na ndani ya matawi yake mna uboho laini, rangi ya mdalasini. Walburga huyakata kila mwisho wa majira ya baridi, akayafunga mafungu, akayatundika ukutani, ili nyuki wa mwitu wasio na mzinga wachimbe vitanda vyao humo.

Mwaka huu hakuweza. Alikuwa ametoka hospitali wiki hiyohiyo, nyonga ya kulia imebadilishwa, amelazwa chumba cha chini kwenye kitanda cha kukodi, magongo mawili pembeni. Kumwachia Wendelin mkasi wa bustani kulimuuma kuliko nyonga.

“Sikiliza vizuri,” alimwambia. “Kabla hujagusa tawi, unavua kofia. Unainamisha kichwa. Unasema: Mama, nipe kidogo katika mti wako, nami nitakupa katika wangu, siku nitakapokuwa udongo. Halafu unangoja kidogo. Halafu ndiyo unakata.”

“Nangoja nini? Risiti?”

“Wendelin.”

“Nimekusikia, mama.”

“Yumo mle mtini tangu kabla ya kanisa kujengwa. Bibi yangu alimwomba, mama yangu alimwomba. Wewe fanya tu, hata kama hunielewi.”

Basi alifika pale kichakani akiwa na nia njema kabisa, na huenda angeomba vizuri, kama si Heribert. Heribert ni jirani, mwoka mikate mstaafu na mpiga tarumbeta wa kanivali, na alikuwa ameegemea uzio na chupa ya bia mkononi, tayari amevaa suti ya rangi tatu. Mcheshi akiona mtu mmoja ameegemea kitu na anamtazama, huo tayari ni ukumbi.

“Unazungumza na mti, Wendelin?”

“Nazungumza na wakubwa, wewe nyamaza.” Akapanua mikono. Kengele za kofia zikalia. “Mheshimiwa Mama Mholunda, mwenye miguu ardhini na nywele hewani. Naja kukupunguza kidogo. Ukiona umepunjwa, usije kwangu, mimi leo nina kazi ukumbini. Mchukue mke wangu. Yuko kitandani hana shughuli. Ana nyonga mpya kabisa, haijatumika.”

Heribert alicheka mpaka bia ikamwagikia viatu. Wendelin naye akacheka, kwa kuwa huona huruma kuviacha vichekesho vyake peke yake. Halafu Heribert akanyamaza kufuta viatu, Wendelin akanyamaza kuvuta pumzi, na kicheko kikaendelea kidogo. Kidogo tu, kama watu wa viti vya nyuma wanaochelewa kuelewa utani.

“Nani huyo?” Heribert akauliza.

“Mwangwi.”

“Wa wapi, na bonde liko upande ule?”

Wendelin akashika tawi la kwanza, akalikata, nalo lilikuwa na joto. Kofia ilikuwa bado kichwani.

Akafunga mafungu manne, akayatundika kwenye kulabu chini ya dirisha la mkewe. Hilo alilifanya kwa mapenzi: Aprili ikija, Walburga awaone nyuki wake bila kuinuka. Kisha akaingia ndani, mashavu mekundu, viatu vikidondosha barafu.

“Umemwomba?”

“Nimemwomba.”

“Ulivua kofia?”

“Nilivua.”

Walburga alimtazama zile kengele, akatabasamu kwa uchovu. “Nenda kawachekeshe,” akasema. “Mimi nitalala.”

Usiku ule ukumbi ulimcheka kama ambavyo haukuwahi. Hata alipomeza mate walicheka.

Asubuhi ya Jumamosi, kitu cha kwanza kilikuwa harufu.

Majani ya mholunda ukiyaponda hunuka: mkojo wa panya juu, maharagwe mabichi chini yake. Kila mtunza bustani anaijua. Lakini hiyo ni harufu ya Mei, na huko nje kichaka kilikuwa uchi, hakina jani hata la kufutia pua. Chumba cha Walburga kilinuka hivyo kwenye mapazia, kwenye mto, na zaidi ya kote, kwenye nywele zake.

“Fungua dirisha,” akasema. “Na uniletee magongo, nijaribu kwenda mezani.”

Hakufika mezani. Hakufika popote. Jana yake alikuwa ametembea mpaka jikoni akimtukana kwa upole dada aliyekuja kumfanyisha mazoezi ya viungo. Leo miguu yote miwili, mzima na mgonjwa, ilikuwa imekaza kama fito. Wendelin alimsugua magoti. Yalikuwa magumu, makavu, na ngozi ilikuwa na vijidoadoa vidogo vilivyoinuka, kama vile vinavyokuwa kwenye gome changa.

“Damu imelala,” akamwambia.

“Imelala wapi?” akauliza Walburga.

Jioni, taa za barabarani zikiwaka, mafungu ya dirishani yakaanza kulia.

Mwanzoni Wendelin alidhani ni upepo, ile sauti ya mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu. Akatazama moshi wa bomba la nyumba ya Heribert. Ulikuwa umesimama wima kama uzi wa kupimia ukuta. Sauti ikaja tena, ndefu, laini, ikashuka, ikakata. Halafu ikaja nyingine iliyovutwa kwa ndani. Akasogea kitandani kumfunika mkewe, na hapo akagundua jambo ambalo lilimfanya aliache blanketi mkononi: vijiti vilipovuta, Walburga alitoa pumzi, vijiti vilipotoa, Walburga alivuta. Walikuwa wanapokezana. Na kila zamu, yeye alirudishiwa kidogo kuliko alichotoa.

Akatoka nje na kisu cha jikoni, akayakata mafungu yote manne, akayatupa nyuma ya banda.

Jumapili asubuhi yalikuwa dirishani, kwenye kulabu, yamefungwa kwa kamba ileile na fundo lilelile la Wendelin, fundo baya ambalo hakuna mwingine duniani anayelifunga. Akayatupa mtoni. Jumatatu yalikuwa dirishani, yamekauka kabisa.

“Nayachoma,” akamwambia Heribert usoni, juu ya uzio. Alinong’ona.

Heribert, ambaye siku hiyo alipaswa kuwa juu ya gari la maandamano ya kanivali akipuliza tarumbeta, alikuwa bado na suruali ya rangi tatu lakini uso umekuwa wa rangi moja. “Mholunda hauchomwi ndani ya nyumba, ndugu yangu. Baba yangu alikuwa na tanuri maisha yake yote, na kuni zote aliziingiza isipokuwa hiyo.”

“Baba yako alikuwa mshirikina.”

“Baba yangu alikufa na vidole vyote kumi.” Akageuka kwenda, akarudi. “Wendelin. Kile kicheko. Mimi sikusema kwa sababu nilikuwa na bia. Lakini hakikutoka bondeni. Kilitoka chini.”

Saa za alasiri maandamano yakapita barabarani, ngoma, tarumbeta, peremende zikirushwa madirishani. Wendelin alikuwa amekaa kwenye stuli kando ya kitanda, mkono wa mkewe mkononi. Daktari alikuwa amesema kwa simu kwamba ganzi huja na kwenda. Muuguzi alikuja, akapima joto, akasema kidonda kizuri, akaondoka upesi akijifunika pua. Walburga alikuwa amelala tangu saa sita. Midomo yake ilikuwa imepauka, na kila alipotoa pumzi, unga laini wa rangi ya mdalasini ulidondoka kwenye shuka. Wendelin aliupangusa. Ukaja mwingine.

Gari la mwisho lilipopita na kelele kuzima, Walburga akazungumza macho yamefumba.

“Ana nyonga mpya kabisa,” akasema. “Haijatumika.”

Halafu akacheka, na hicho hakikuwa kicheko chake, maana Walburga hucheka puani kama mtu anayejizuia kanisani. Hicho kilikuwa kicheko cha Heribert, pamoja na kikohozi cha Heribert cha katikati, na nyuma yake kikafuata kicheko cha Wendelin mwenyewe, kilekile cha pale uzioni, kikitoka katika kinywa cha mkewe aliyelala ndani ya chumba ambacho siku ile dirisha lilikuwa limefungwa na pazia limeshushwa.

Jumanne jioni alimbadilishia bandeji, kwa kuwa muuguzi hakuja. Aliosha mikono. Akawasha taa ya kusomea, akaikunjua bandeji polepole. Kovu lilikuwa zuri, kama alivyosema muuguzi. Nyuzi zilikuwa safi. Na kati ya uzi na uzi, pale ngozi ilipokutana na ngozi, yalikuwa yamechomoza matumba mawili ya majani, ya mviringo, zambarau chini na kijani kwenye ncha, yamebana kama ngumi za mtoto mchanga.

Akayagusa. Yalikuwa na joto.

“Mkasi uko wapi?” akanong’ona. Aliuliza hewa tu, lakini aliyejibu alikuwa Walburga, na macho yake yalikuwa wazi.

“Usikate.”

“Mama, usitazame huko.”

“Nimeshatazama. Ninayajua matumba kuliko wewe, Wendelin, hayo baada ya wiki mbili yatafunguka. Yakifunguka, mimi si wako tena.” Alivuta pumzi, na dirishani vijiti vikatoa. “Ulimwambia nini?”

Akamweleza. Alimweleza yote, kofia, Heribert, bia, na alipofika kwenye maneno ya nyonga sauti yake, ambayo imejaza kumbi bila kipaza sauti, haikuweza kuvuka ukingo wa kitanda. Walburga alitokwa na chozi moja, likashuka taratibu, zito kama utomvu.

“Angalau watu walicheka?” akauliza.

“Mmoja.”

“Umeniuza kwa mtu mmoja.” Akafumba macho. “Mwite Apollonia.”

Bibi Apollonia Thönnes ndiye anayewanenea watu wa kijiji mkanda wa jeshi, majipu na majeraha ya moto. Unaingia jikoni kwake, anakuwekea mkono, ananong’ona anachonong’ona, unakwenda zako. Halipwi, na hashukuriwi. Ukimshukuru, ugonjwa unarudi na jamaa zake. Alikuja Jumatano ya Majivu alfajiri, akiwa njiani kwenda misa, koti jeusi, mkoba wa kanisani mkononi. Nje kulikuwa na ukungu mzito hata uzio wa Heribert ulikuwa umetoweka. Alimtazama Walburga muda mfupi, akainua shuka, akaishusha. Hakuonyesha kushtuka, ila aliuhamishia mkoba mkono wa pili.

“Huyu simwezi,” akasema. “Hapa hamna ugonjwa. Kuna makubaliano.”

“Ulikuwa utani, Bibi Apollonia.”

“Wewe mtoto wa Pauls, kule chini hawana kanivali.” Akanyoosha kidole mlangoni. “Kofia iko wapi?”

Wendelin akachukua ile ya sufi kwenye msumari.

“Siyo hiyo. Ile uliyokuwa nayo.”

Akaivaa ile ya kengele, siku ya majivu, mtu mzima, mkewe akiota majani nyuma yake.

“Utaenda mbele yake,” bibi akanong’ona, amemshika kola kama anamtayarisha mtoto kwa kipaimara. “Utaivua. Utayafuta uliyosema na utasema kilichopaswa kusemwa. Atakuchekea. Atakuchekea kama ambavyo hujawahi kuchekewa, kwa maana anakijua chakula chako. Ukicheka naye, umemaliza. Ukimchekesha, umemaliza zaidi.”

“Nawe utakuwa wapi?”

“Hapa, namshikilia mkeo. Nenda. Anapumua kwa robo.”

Wendelin akatoka. Ukungu ulikuwa na harufu ile, Mei iliyooza katikati ya baridi. Mholunda ulisimama mbele yake mweusi, mrefu kuliko alivyoukumbuka, na zile sehemu alizokata zilikuwa zimelowa na kumtazama kama midomo iliyo wazi. Akavua kofia. Kengele ziliendelea kulia mkononi mwake ingawa mkono ulikuwa umetulia.

“Mama,” akaanza.

Kicheko kimoja kikamjibu, cha mtu mmoja, kutoka chini ya miguu yake.

“Mama, Ijumaa nilisema neno…”

Wakacheka kumi, wakacheka ishirini, ukungu mzima ukawa ukumbi, akawasikia watu anaowafahamu, akamsikia mchinja nyama anavyopiga meza, mwalimu mkuu anavyolia kama bata, marehemu baba yake, ambaye hakuwahi kumcheka hata mara moja na ambaye Wendelin alikuwa amepanda ndani ya lile pipa miaka yote kwa ajili ya kicheko chake tu, naye sasa alikuwa mle, mstari wa mbele kabisa, akicheka kwa sauti ya joto inayosema haya, mwanangu, malizia, wamekaa tayari, na Wendelin alihisi ulimi wake ukijikunja wenyewe kutafuta neno la mwisho, alilijua neno hilo, lilikuwa limeshafika kwenye meno, lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kusema maishani, na kama angelisema wangemcheka vile mpaka dunia iishe, mabega yake yalishaanza kutikisika, pembe za mdomo zilishapanda, ndipo nyuma yake, chumbani, pumzi ya Walburga ikavutwa ndani na haikutoka.

Vijiti vya dirishani navyo vilinyamaza. Vilikuwa vimejaa.

“Si wangu wa kutoa,” Wendelin akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia kumwambia mtoto wa basi kwamba amesahau mkoba. “Mke wangu si wangu wa kutoa. Nilikukata bila kukuomba, na nikalipa kwa mwili usio wangu. Ninakuomba sasa. Nipe kidogo katika mti wako, nami nitakupa katika wangu. Chukua kwangu.”

Kicheko kikakatika, chote kwa pamoja, kama taa.

Katika kimya hicho kitu kikamshika kidole gumba cha mkono wa kulia. Kilikuwa na joto. Kilikibana kwa adabu, mara moja, kama watu wanavyoshikana mikono wakipatana juu ya ng’ombe, kisha kikaachia, na kofia ikamtoka mkononi na kengele zake zikasikika zikishuka, zikishuka, chini ya ardhi iliyoganda, mpaka hazikusikika.

Ndani, Walburga alikohoa kikohozi kirefu, kibaya, cha binadamu. Wendelin alipoingia akikimbia, matumba mawili yalikuwa shukani, makavu, yakivunjika kama majani ya chai, na mkewe alikuwa akilia na kuulizia kahawa. Miguu yake ilitikisika chini ya blanketi. Wendelin akamgeukia Bibi Apollonia na kufungua kinywa, na bibi akakifunika kwa kiganja chake, kigumu, kinachonuka nta ya mishumaa.

“Usithubutu.”

Akatikisa kichwa: hatasema. Bibi akaondoa mkono, akavaa glavu zake, akasimama mlangoni muda mrefu kuliko inavyohitajika kufunga vifungo.

“Yale maneno ya mwisho hukuyasema,” akasema.

“Yapi? Nimesema yote. Nimempa wangu.”

“Umempa. Hukusema lini, hukusema siku utakapokuwa udongo.”

Akaenda misa.

Aprili Walburga aliyaona maua yake akiwa amesimama wima bila magongo. Ulikuwa mwaka wa ajabu. Nyuki wa mwitu walijaza kila kijiti. Julai vishada vilikuwa vyekundu mpaka watu walisimamisha magari, ndege wadogo wenye vifua vyekundu na wale weusi wenye midomo ya manjano walikuja kwa makundi, na kalunguyeye alilea watoto chini ya lundo la majani. Hakuna aliyesikia kitu dirishani. Heribert alianza tena kuegemea uzio, ingawa bia aliiacha ndani. Kila alipopita mbele ya mholunda Wendelin alivua kofia, hata ya baiskeli, na watoto wa basi wakaanza kumwiga wakidhani ni mchezo. Pipa la kanivali mwaka uliofuata alipanda mtu mwingine. Wendelin alisema ana mafua.

Ila alikuwa amevaa glavu. Alianza kuzivaa katikati ya Februari, mezani, kwenye usukani, kitandani. Walburga alimwacha wiki zote mbili. Siku ya mwisho ya mwezi, baada ya kahawa ya alasiri, alirudi kutoka bustanini na kofia yake ya sufi bado kichwani, akaketi mbele ya mumewe jikoni, akamshika mkono wa kulia, akamvua glavu kidole kwa kidole.

Gumba lilikuwa refu kupita jana yake. Ukucha ulikuwa umekuwa gome, wenye vijidoadoa vilivyoinuka, na kando yake, pale nyama inapokutana na ukucha, yalikuwepo matumba mawili, zambarau chini, kijani kwenye ncha.

“Linauma?” akanong’ona.

“Hapana. Ndiyo hilo linalonitisha. Linapendeza.” Akajaribu kucheka, akaacha. “Kama lingekuwa sikio ningesema nasikia vizuri zaidi.”

“Nyamaza, mzee wangu.”

“Kesho ni tarehe moja.”

“Najua.”

“Kesho sheria hairuhusu.”

“Najua, Wendelin.”

Akainuka, akaleta mkasi wa bustani. Akaufuta kwa spiriti, makali yote mawili, kama anavyoufuta daima kabla ya kukata kitu kilicho hai. Akakilaza kiganja cha mumewe juu ya kitambaa cha meza na kuufungua mkasi, na hapo akasita. Nje upepo haukuwepo. Dirishani, kwenye chumba cha chini, kitu kilivuta pumzi ndefu na kuishikilia, kama ukumbi unapongoja.

Walburga akaweka mkasi mezani. Akavua kofia yake ya sufi, akaipakata, akainamisha kichwa mbele ya mkono wa mumewe.

“Mama,” akasema, “nipe kidogo katika mti wako.”